Sista na Mtoto wa Katani

Hapa Mhezi watu wakimtaja Sista hushusha sauti, kama wanaopita karibu na kanisa ibada ikiendelea. Mimi sishushi. Mwanangu Niwaeli ananiambia, mama, marehemu hasemwi vibaya. Nami namwambia, huyo marehemu alinisema vibaya mimi nikiwa hai, tena nikiwa na matiti yanavuja, basi aniache nami nipate zamu yangu.

Tulimwita Sista, si kwa kuwa alikuwa mtawa. Wakati ule nesi yeyote mwenye kofia nyeupe na sauti ya kuamuru alikuwa Sista. Jina lake la ubatizo lipo, la baba yake lipo, sitayaandika. Wala sitasema alizaliwa na nani. Alitoka upande wa Usangi, hiyo inatosha, na alipofika kwetu uhuru ulikuwa bado mchanga, bendera ya shuleni haijapauka. Chasu, lugha yetu Wapare, alikijua. Lakini na sisi alisema Kiswahili tu, na ukimjibu kwa Chasu alikutazama vile vile mpaka ugeuze mwenyewe. Mama mkwe wangu, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha kununulia chumvi, alikaa naye miaka yote bila kuelewana naye hata siku moja. Au tuseme walielewana sana, ndiyo maana hawakupendana.

Alikuwa nesi na mkunga wa zahanati yetu. Kazi yake ya mshahara ilikuwa kuzalisha na kuchoma sindano. Lakini kazi iliyokuwa rohoni mwake ilikuwa nyingine, nayo hakuna aliyemtuma.

Kuna kifo ambacho kwetu hakikuwa na jina. Mtoto mchanga amenyonya, amecheua, amekutazama kwa yale macho yao ya kizee. Hana homa, haharishi, hana degedege. Unamlaza mzima, unarudi unamkuta amekwisha. Wazee walisema Mungu kamtaka. Wengine wakamtazama jirani. Zamani zaidi, bibi zetu wangeuliza meno yake ya kwanza yalikuwa yanaanzia juu au chini, maana waliokuwa wakianzia juu waliogopwa, na mambo waliyofanyiwa siyasemi hapa. Sista alipofika akasema yote hayo ni ujinga, kifo hiki kina sababu yake, na yeye ataitafuta mpaka aipate.

"Mtoto hafi bure," alisema. Ndilo lilikuwa neno lake. Alilisema kliniki, alilisema kanisani wakati wa matangazo, alilisema kwenye mkutano wa kijiji watu wakitaka kuzungumzia mbolea.

Maneno mazuri, utasema. Lakini yalikuwa na mkia. "Mtoto hafi bure. Kuna mtu amefanya jambo." Na akifika kwenye mkia huo, macho yake yalikwenda kwa mama wa mtoto yakatua pale, kama nzi.

Miguu yake ilikuwa mirefu na haikuchoka. Alivaa raba nyeupe, kila Jumapili jioni alizisugua akazipaka chaki, na kila Jumatatu zilikuwa na tope la Mhezi mpaka kwenye kamba. Hakukoma kuzipaka. Nilishamwona akipanda kwenda Chome mvua inanyesha, amejifunga gunia kichwani, na raba zile chini zimekuwa kama mihogo iliyong'olewa sasa hivi. Akisikia kuna mtoto amekufa usingizini, popote, alikwenda. Alikwenda Gonja. Alishuka tambarare kwenye kambi za mkonge, kule walikojaa watu wa Songea na Kigoma na kwingine nisikokujua. Alipanda lori la samaki mpaka bwawa la Nyumba ya Mungu akawahoji wake za wavuvi. Wenzake wakienda likizo kwao, yeye alikwenda kwenye misiba ya watu asiowajua.

Na alikwenda mapema. Sisi tukienda msibani tunachukua kuni, maharage, mtu anachukua machozi yake. Yeye alichukua maswali. Mkeka haujakunjwa, mama hajaoga, Sista yuko mlangoni. Mtoto alikula nini. Alifunikwa nini. Mbuzi wanalala wapi. Nani alikuwa kitandani. Ulikunywa pombe. Jana uliamka saa ngapi kwenda shamba. Aliuliza bila kukaa. Ukimpa kigoda alisema ahsante akabaki amesimama.

Nisimulie habari ya vitambaa, maana ndiyo pekee inayonichekesha katika habari zake zote. Kuna mwaka alishikilia kwamba watoto wanauawa na moshi. Nyumba zetu za wakati ule mafiga yalikuwa humo humo ndani, na baridi ya huku juu haikuruhusu kuzima moto. Sista akagawa vitambaa vyeupe, kimoja kwa kila nyumba yenye mtoto. Akasema, tundikeni juu ya kitanda, msikiguse, baada ya wiki nitapita nione kimekuwa cheusi kiasi gani. Jirani yangu Mama Zawadi akasema, "Leo Sista anapima dhambi." Basi tukatundika. Wiki ikaisha. Ilipofika siku ya yeye kupita, hakuna mwanamke hata mmoja wa Mhezi aliyekubali mgeni wa serikali akute kitambaa kichafu juu ya kitanda chake. Tulivifua vyote. Wengine wakavitia bluu ya kufulia ving'ae. Mama mkwe alikifua kile chetu kwa sabuni aliyokuwa ameiweka kwa ajili ya Krismasi.

Sista akapita nyumba kwa nyumba, anavitazama, anavigeuza, anavinusa. Mkutano uliofuata akatutangazia kwamba amechunguza na kuona moshi wa Mhezi hauna neno. Tukapiga makofi. Sijui nani alikuwa mjinga siku hiyo, sisi au yeye, lakini yeye ndiye aliyesoma.

Kisha akaja na yule mtoto.

Alimshona mwenyewe. Ngozi yake kitambaa cha amerikani, ndani katani aliyoiomba kwenye mashamba ya mkonge, na mchanga kidogo makalioni na kichwani ili uzito wake uwe wa mtoto. Hakumwekea macho wala mdomo. Alipofika kwenye msiba alimtoa, akamkabidhi mama aliyefiwa, akasema: "Nionyeshe ulivyomlaza."

Hebu fikiri. Mtoto wako yuko kaburini udongo haujakauka, na mtu anakuwekea mikononi mtoto asiye na uso mwenye uzito ule ule. Wako waliomtupa. Kule Chome mzee mmoja alimfukuza Sista kwa jembe, akisema haya ni mambo ya usiku yanafanywa mchana. Watoto wa shule walikuwa wakiona raba nyeupe kwa mbali wanaingia migombani. Yeye hakujali. Alisema mdomo wa mtu husahau na husingizia, mikono haisahau.

Na jambo moja nitalisema, hata kama linaharibu ninachotaka kusema. Hakumbeba yule mtoto kwenye mfuko, maana alisema shingo inapinda. Alimbeba mgongoni kwa khanga kama sisi tunavyobeba. Sista hakuolewa, hakuzaa. Nami nilishamwona kwa macho yangu anapanda kilima cha kwetu peke yake, ameinama mbele, na mkono mmoja uko nyuma unampigapiga yule wa katani matakoni, taratibu, kama anambembeleza. Sijui kama mwenyewe alijijua. Nilipomsimulia Mama Zawadi alisema, "Maskini." Mimi sikusema maskini.

Sasa nije kwenye vikapu.

Kwetu mtoto mchanga hulala kitandani, kati ya mama na ukuta, anatazama paa. Ndivyo tulivyolala sisi. Sista akasema hapana, mama anachoka na jembe, analala kama gogo, anamlalia mtoto. Kila mtoto awe na kikapu chake. Na ndani ya kikapu alazwe kifudifudi, tumbo chini, ili akicheua maziwa yatoke nje yasimpalie. Alisema ndivyo alivyofundishwa na Wazungu waliomsomesha, na kwamba Ulaya nzima wanalala hivyo. Alituonyesha kwa yule wa katani, pale kliniki, tumekaa kwenye mabenchi.

Mama mkwe wangu alikuwa amenisindikiza. Akasema kwa Chasu, nami nikatafsiri, "Anauliza, huyu ni mtoto au chura?"

Sista akajibu pale pale, "Mwambie bibi, chura hajawahi kufa kwa kulaliwa na mama yake."

Mabenchi yote yalicheka. Ulimi alikuwa nao, siwezi kumnyima. Mama mkwe alikasirika njia nzima.

Siku zile ilikuwa ni maendeleo, na maendeleo yalikuwa na wakaguzi. Balozi wa nyumba kumi alipita kutazama choo, kichanja cha vyombo, na kikapu cha mtoto. Ukikutwa huna unatajwa mkutanoni. Tukasuka vikapu. Mimi nilisuka kizuri, nilikitia ukingo wa rangi, maana nilijiona mwanamke wa maendeleo, na mume wangu alikuwa anafanya kazi mkongeni huko chini, anapanda mwisho wa mwezi, nilitaka akute nyumba inayosemwa vizuri.

Mtoto wangu wa pili aliitwa Eliapenda. Alizaliwa maharage yanakomaa. Alikuwa na sauti kubwa kuliko mwili. Nilimlaza kikapuni, kifudifudi, kama nilivyoagizwa, mama mkwe ananuna. Alikuwa ameanza kucheka na watu.

Asubuhi moja niliamka mwenyewe. Hicho ndicho kilichoniambia. Sikuamshwa. Nguo ilikuwa imelowa kifuani, maziwa yamejaa mpaka yanauma, na nyumba kimya. Nikajua kabla sijageuka. Alikuwa kikapuni vile vile nilivyomweka, uso umelala kwenye kitambaa.

Sista alifika siku ya pili yake. Raba zake, khanga yake, mtoto wake. Wanawake walikuwa wamejaa ndani, mama mkwe yuko kichwani pangu. Akamtoa yule wa katani akanipa.

"Nionyeshe."

Kikapu bado kilikuwepo pale. Nikamlaza. Tumbo chini, uso upande, kitambaa mpaka mabegani.

Akatazama. Akasema, "Sasa nionyeshe ulivyomlaza kweli."

"Ndivyo hivyo, Sista."

"Mama Niwaeli. Baridi ya huku naijua. Mume yuko mkongeni, kitanda kitupu. Mtoto akalia, ukamtoa, ukalala naye. Hujafanya kwa kukusudia. Niambie tu."

"Sikumtoa."

"Kikapuni mtoto hafi. Kikapu nimekileta kwa sababu hiyo."

Nikamwambia, "Sista, angelala na mimi angenyonya. Nitazame." Nikafunua khanga. Matiti yalikuwa kama mawe, na nguo imelowa mpaka tumboni. "Haya ni maziwa ya mtoto aliyelala na mama yake?"

Alitazama, nina hakika alitazama, halafu akageuza macho akaanza kumfunga mtoto wake mgongoni. "Maziwa si shahidi," alisema.

Kama yangeishia pale ningemezea. Msiba una maneno mengi. Lakini siku ya kliniki, mabenchi yamejaa, akasimama akasema: "Mwenzenu Mama Niwaeli mnamjua. Kikapu alikuwa nacho, tena kizuri. Akaona uvivu kuinuka, akamchukua kitandani, akamlalia. Nawaambia ili lisirudiwe." Hakusema kwa hasira. Alisema kama anayetoa mfano wa hesabu.

Jina likanishika. Hawakuniita mbele yangu, hapana, Wapare tuna adabu. Lakini nilipopita mtu mgeni akiuliza huyu ni nani, alijibiwa, "Ndiye yule aliyemlalia mwanawe." Kwenye msaragambo, kazi ya kijiji kizima, wa kuzibua ndiva, bwawa letu la maji ya mashamba, wanawake huachiana watoto, mmoja akikoroga tope mwenzake anambeba wake. Mimi sikuachiwa. Mikono yangu ilikuwa mitupu na bado mtoto alipitishwa juu ya kichwa changu akapewa wa upande wa pili. Kwenye kwaya ya akina mama niliketi mwisho wa benchi, si kwa kuambiwa.

Mume wangu hakunipiga. Watu husema hilo kama sifa, hakukupiga. Alipozaliwa wa tatu, alipanda kutoka mkongeni, akamchukua mtoto kwenye mikono yangu akampeleka chumba cha mama yake. Akasema, "Atalala kwa bibi yake." Basi. Wa tatu, wa nne, wa tano, wote walilala kwa mama mkwe, chali, kati yake na ukuta, na mimi niliitwa kunyonyesha kama ng'ombe anavyoitwa, nikimaliza narudi chumbani kwangu. Mama mkwe alinihurumia. Siku moja aliniambia, "Wewe hukumlalia." Nikamuuliza, mbona humwambii mwanao. Akasema, "Nesi amesema, mimi ni nani?"

Sasa mtu atasema, Mama Niwaeli ana chuki, kwani huyo Sista hakuwa na jema hata moja? Mema alikuwa nayo. Na nisipoyaandika mimi, Mama Zawadi atayasema, maana nyumba yake iko hapo, moshi wake nauona.

Mama Zawadi alishikwa na uchungu siku mbili mtoto hatoki. Sista akaamuru machela, wanaume wakambeba kuteremka na kupanda mpaka hospitali ya Gonja. Wanaume walipochoka, Sista alishika mti wa mbele yeye mwenyewe, bega lake likachubuka, na njia yote alikuwa anaimba, sauti mbaya, haijui kupanda wala kushuka. Mama Zawadi anasema alikataa kufa kwa sababu hakutaka ule wimbo uwe wa mwisho kuusikia. Zawadi akazaliwa hai. Tangu siku hiyo Mama Zawadi ukimgusia Sista umemgusia mama yake.

Na Mama Zawadi naye alikuja kufiwa. Mtoto aliyemfuata Zawadi, kikapuni vile vile, kimya vile vile. Lakini mume wake alikuwemo ndani, akaapa kwamba mtoto hakutolewa kikapuni. Maneno ya mwanamume yalisikika. Sista akashika mkono wa Mama Zawadi, akamwambia, "Huyu wako ni wa Mungu." Mimi nilikuwepo. Nilikuwa nimepeleka kuni. Wake ni wa Mungu, wangu ni wa uvivu. Nilirudi nyumbani nikatwanga mahindi ya makande mpaka mchi ukanichuna viganja.

Alikaa Mhezi miaka mingi. Alikuja kuhamishwa, kisha akastaafu, akapata nyumba kule Same chini, kwenye vumbi na upepo. Nikiteremka sokoni kuuza tangawizi nilikuwa nakutana naye, amezeeka, amekonda, anachagua nyanya moja moja. Shikamoo nilimpa, maana alinizidi umri na adabu haina ugomvi. Lakini nilimpa nikiwa natembea. Marahaba yake ilikuwa inanifikia mgongoni. Mara moja aliniita, "Mama Niwaeli, simama kidogo." Sikusimama.

Basi Niwaeli akaoa, mke wake akajifungua mtoto wa kiume. Mimi sasa ndiye bibi. Wanawake walikuja kumpongeza mzazi kama ilivyo desturi, wengine na unga, wengine na ndizi. Mama Zawadi alikuwa ameketi kwenye mkeka anamenya ndizi, mimi niko jikoni nakoroga uji. Mchana, jua zuri. Tukasikia hodi, na kabla hatujasema karibu mtu ameshaingia. Sista. Na fimbo. Alikuwa ameshushwa na lori kule barabarani, akapanda kilima kwa miguu ile ile. Sijui nani alimwambia kuna mtoto.

Hakusalimia. Akaenda moja kwa moja kwenye kona, alikolala mtoto. Mke wa Niwaeli alikuwa amemlaza kikapuni, kifudifudi, alivyofundishwa. Sista akaweka fimbo chini, akaingiza mikono, akamgeuza akawa chali.

Mke wa Niwaeli akasema kwa adabu, "Shikamoo Sista. Lakini kliniki wanasema tumbo chini."

"Kliniki waliambiwa na mimi," Sista akasema. "Mlaze hivi. Na alale karibu na wewe."

Nikatoka jikoni na mwiko mkononi. Nikamuuliza, "Kwa nini?"

Akanitazama. "Tutoke nje, Mama Niwaeli. Tuongee wawili."

"Nje siendi. Mimi ulinisema watu wakiwepo."

Akatafuta pa kukaa. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona Sista anaketi katika nyumba ya mtu. Akaketi kwenye kigoda, magoti juu, akasema polepole, na kwa mara ya kwanza alisema kwa Chasu, nami nayageuza hapa ili kila mtu asome.

Alisema mwaka ule vijana walipokwenda vitani Uganda, mdogo wake kule Usangi alizaa. Yeye akampelekea kikapu kama zawadi. Akamlaza mtoto kwa mikono yake mwenyewe, akaketi chumba kile kile anafuma, mchana kama huu. Alipoinuka kumtazama, amekwisha. "Hakuna aliyemlalia," alisema. "Nilikuwepo mimi."

Baada ya hapo, alisema, alianza kuzunguka upya. Lakini safari hii hakwenda kwenye misiba. Alikwenda kwa waliomkatalia. Wazee wa Chome waliochoma vikapu. Wamaasai wa tambarare ambao hawakumsikiliza tangu mwanzo. Wanawake wa kambi za mkonge waliolala na watoto wao chini kwenye magunia. Akawauliza kama kifo hiki wanakijua. "Walikonikatalia nilikikuta kwa nadra," alisema. "Walikonitii ndiko kilikokuwa. Sijui kinachotokea. Labda pumzi, labda joto, sijui, na waliosoma kunizidi hawajaniambia. Lakini kulala kule kwa tumbo, nimeona."

"Umejua tangu vita," nikamwambia.

"Nilijua nusu."

"Hiyo nusu ungeniletea."

Akasema, "Ningesema, kila mama aliyenitii angejua ni mkono wake mwenyewe. Niliona wabaki na Mungu, ni afadhali."

"Mimi mkono wangu ulishatangazwa," nikamwambia. "Na wanaozaa leo je? Huyu wa Niwaeli ungemwacha na Mungu?"

Akaiokota fimbo yake, akasimama, akajishika kwenye nguzo. Akawageukia wanawake, na sauti yake ikawa ile ya kliniki. "Mama Niwaeli hakumlalia mtoto. Alimlaza nilivyomwagiza mimi. Nilikosea, na nikamsingizia. Wana wenu walazeni chali. Waambieni na wengine kwamba nimesema mimi."

Miaka yote hiyo nilikuwa nimengoja maneno hayo. Nilidhani yakija nitalia, au nitacheka. Nilisimama tu na mwiko, uji unaungua.

Ndipo Mama Zawadi aliposema, bila kuinua kichwa kwenye ndizi zake, "Na wangu, Sista?"

Sista alinitazama mimi. Najua alichokuwa ananiomba. Alikuwa ananiomba ruhusa ya kusema tena lile la Mungu. Sikumpa. Nilimtazama vile vile nilivyotazamwa mimi.

"Na wako," akasema.

Mama Zawadi alimalizia ndizi aliyokuwa nayo mkononi. Akaiweka sufuriani pamoja na nyingine. Akakusanya maganda kwenye ungo, akafuta kisu, akanyanyuka. Pale mlangoni akaniambia, "Umepata jina lako, jirani," akaenda zake. Mpaka leo tunasalimiana kwa juu juu, yeye yuko kwake, mimi niko kwangu. Wanaonisalimia sasa ni wengi kuliko zamani, na watoto wao wananipa niwabebe. Yeye amepungua.

Sista hakula. Mgeni kwetu husindikizwa, hata awe nani, kwa hiyo nikafunga khanga nikamsindikiza. Tulipita migombani. Alikuwa anasimama kila baada ya hatua chache kuvuta pumzi, nami nasimama nyuma yake nangoja, simshiki mkono. Tulipofika panapogawanyika njia, akageuka. Raba zake zilikuwa za plastiki sasa, za buluu, hazihitaji chaki.

"Mama Niwaeli," akasema, "utanisamehe?"

Nikamwambia apite njia ya chini. Ile ya juu ilikuwa na utelezi, na mtu wa umri ule akianguka kwenye shamba langu, ningeambiwa nimeua tena.